UNESCO na Tanzania: maswali ninayoulizwa Arusha na Moshi

Nilifundisha historia sekondari mjini Moshi kwa miaka mingi, na sasa nawafundisha vijana wa Arusha wanaosomea kuongoza watalii. Kila darasa jipya huja na maswali yale yale kuhusu UNESCO. Nje ya darasa huulizwa na wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wanaoshuka mlimani, na wazee tukiwa tumekaa msibani, na akina mama wa soko la Kilombero waliosikia jambo redioni. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili anayetaka kuyatumia ayatumie.

UNESCO ni nini hasa? Ni kampuni? Ni ya Wafaransa?

Ni Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni. Katiba yake ilitiwa saini London tarehe 16 Novemba 1945, vita kuu ya pili ikiwa imekwisha miezi michache tu nyuma. Ofisi kuu ziko Paris, na hapo ndipo watu wanapodhani ni ya Wafaransa. Wenye shirika ni nchi wanachama, Tanzania ikiwemo. Halina askari, halina ardhi, na halimiliki hifadhi hata moja popote duniani. Hilo la mwisho tutalirudia.

Tanzania ilijiunga lini?

Tanganyika ilijiunga tarehe 6 Machi 1962, uhuru ukiwa na miezi mitatu tu. Lakini sisi wa huku kaskazini tunaweza kuuhesabu uhusiano huo kuanzia Septemba 1961, kabla bendera haijapandishwa. Mwezi huo ulifanyika hapa Arusha mkutano mkubwa wa uhifadhi wa maliasili katika nchi za Afrika zilizokuwa zinapata uhuru, chini ya mwavuli wa UNESCO na shirika la chakula na kilimo, FAO. Hapo ndipo lilipotolewa tamko la Mwalimu Nyerere ambalo waongoza watalii hulitaja mpaka leo. Alisema wanyamapori na mapori yao ni sehemu ya riziki na mustakabali wetu, akaahidi kuwa tutawatunza, kisha akaeleza waziwazi kwamba kazi hiyo inataka wataalamu na fedha, na kwamba mataifa mengine yana wajibu wa kusaidia.

Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, juu kidogo ya Moshi mjini. Ukiona basi la chuo hicho likikata kona kuelekea mlimani, kumbuka kwamba lile ombi la wataalamu lilijibiwa hapo, na waliojibu kwa sehemu kubwa ni Waafrika wenyewe waliosomea pale.

Zaidi ya mbuga, UNESCO imetufanyia nini?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halina tembo hata mmoja.

Wakati wa uhuru, Watanzania wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Makadirio ya mwaka 1967 yaliwaweka watu wazima wasiojua kusoma kwenye asilimia 67 hivi. Mwaka uliofuata, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi chache zilizochaguliwa kwa mpango wa majaribio wa dunia wa kufuta ujinga uliosimamiwa na UNESCO, na mradi ukawekwa Kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza. Wazo lake lilikuwa kumfundisha mtu mzima kusoma kupitia kazi yake mwenyewe. Mkulima wa pamba anasoma kitabu cha pamba, mvuvi anasoma kuhusu samaki. Wazee wanakikumbuka kwa jina lake: kisomo chenye manufaa. Hata vitabu vya kwanza viliandikwa hivyo, na waalimu wengi walikuwa wanakijiji wa kawaida waliokuwa wamemaliza shule ya msingi.

Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha Mwalimu akataja wilaya chache za kufuta ujinga kabisa katika mwaka 1971, na humo ilikuwamo Kilimanjaro, pamoja na Pare, Ukerewe, Mafia, Masasi na jiji la Dar es Salaam. Bibi yangu wa Kibosho alisoma katika kampeni hiyo. Darasa lao lilikuwa chini ya migomba, jioni, baada ya kukatia ng'ombe majani. Kabla ya hapo alipopeleka kahawa chama cha msingi alikuwa anabonyeza kidole gumba kwenye stakabadhi na kurudi nyumbani na kilo alizoambiwa. Baada ya hapo alikuwa anaisoma stakabadhi mwenyewe, mstari kwa mstari, karani akisubiri. Alikufa akiwa na daftari lake la kisomo sandukuni, limefungwa kwenye kanga.

Kufikia 1975 wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 39. Kazi hiyo ilifanywa na serikali na wananchi. UNESCO ilileta wataalamu, fedha za kuanzia na maarifa ya nchi nyingine. Ukiniuliza mimi, hakuna tunda la ubia huu linaloizidi kampeni ile, na inanisikitisha kwamba vijana wangu wanaweza kutaja tarehe ya Serengeti lakini hawajawahi kusikia habari ya kisomo.

Nimesikia kuna "Mkataba wa Arusha" wa vyeti. Ni kweli?

Ni kweli. Tarehe 5 Desemba 1981, hapa hapa Arusha, nchi za Afrika zilipitisha chini ya UNESCO mkataba wa kutambuliana masomo, vyeti na shahada za elimu ya juu. Maana yake ni kwamba aliyesoma Dar es Salaam asianze upya akienda kuendelea na masomo Accra au Dakar, na wao vilevile. Mwaka 2014 ulipitishwa mkataba mpya Addis Ababa ili kuchukua nafasi ya huo, nao ukaanza kutumika 2019. Wengi wanalijua Azimio la Arusha la 1967. Huu wa vyeti haukuimbwa, ila kila anayepeleka cheti chake cha nje TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kikatambuliwe anatembea katika njia ya aina hiyo hiyo.

Tanzania ina maeneo mangapi ya Urithi wa Dunia?

Saba, yaani maeneo yaliyo kwenye orodha ya UNESCO kwa kuwa thamani yake inamgusa kila binadamu. Tuliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977, na eneo la kwanza kuingia lilikuwa Ngorongoro, 1979. Zikafuata Serengeti na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yote 1981, Pori la Akiba la Selous 1982, Kilimanjaro 1987, Mji Mkongwe wa Zanzibar 2000, na michoro ya miambani ya Kondoa 2006.

Ngorongoro iliingia kwanza kwa ajili ya maumbile yake tu: kreta, wanyama, nyanda. Mwaka 2010 ikaongezewa thamani ya utamaduni kwa sababu ya Olduvai na Laetoli, na sasa ndiyo pekee kati ya saba zetu inayohesabiwa kwa yote mawili. Laetoli kuna nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Huwa nawaambia vijana wasiitaje namba hiyo haraka haraka. Mwache mgeni anyamaze kidogo.

Kwa hiyo mlima wetu umeuzwa kwa UNESCO?

Haukuuzwa. Nimeulizwa hili Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na mara nyingine kwa hasira, hasa na watu waliozuiwa kukata kuni au majani msituni. Hasira yao naielewa. Jibu lenyewe ni hili.

Mkataba huo wa Urithi wa Dunia, uliopitishwa 1972, unasema wazi kwamba eneo linabaki chini ya mamlaka ya nchi lilipo. Kilimanjaro ni ya Tanzania, inasimamiwa na TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, kwa sheria zilizotungwa na Bunge la Tanzania. Askari wa hifadhi ni Watanzania. Hata uamuzi wa mwaka 2005 wa kuunganisha msitu na hifadhi ya taifa, ambao ndio uliosogeza mpaka karibu na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, ulikuwa wa nchi yetu.

Kilichotokea 1987 ni kwamba Tanzania ilitoa ahadi. Ilisimama mbele ya mataifa mengine ikasema: mlima huu ni wetu, lakini thamani yake inamgusa kila binadamu, nasi tunaahidi kuutunza na kuurithisha. Kuanzia siku hiyo wenzetu wana haki ya kuuliza tumefikia wapi, nasi tunapeleka taarifa. Ile nembo ya Urithi wa Dunia mnayoiona kwenye vibao ni alama ya ahadi hiyo. Na ahadi iliyotolewa kwa jina la Watanzania inaweza kudaiwa na Watanzania wenyewe. Mzee wa Kibosho ana haki ya kuuliza kwa nini msitu umeungua au kwa nini mfongo, yaani mfereji wa maji, wa kijiji umekauka, na akiuliza anaisaidia nchi kutimiza neno lake.

Pesa za kiingilio zinakwenda UNESCO?

Haziendi, hata senti. Za Kilimanjaro na Serengeti zinakusanywa na TANAPA, za Ngorongoro na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mwelekeo wa fedha ni tofauti na watu wanavyodhani: Tanzania hulipa ada ya uanachama kama nchi nyingine, na kuna Mfuko wa Urithi wa Dunia unaoweza kusaidia nchi katika mafunzo, matengenezo au dharura. Mfuko wenyewe ni mdogo.

Miaka ya nyuma kampuni moja niliyoifanyia kazi ilitutaka tuwaambie wageni kwamba sehemu ya bei ya safari ni "ada ya UNESCO". Nilikataa, na msimu huo sikuitwa tena. Kijana wangu, ukiambiwa useme hivyo, usiseme. Mgeni akirudi kwao akagundua, uongo huo utaandikwa kwa jina la nchi nzima.

Je, UNESCO ndiyo inayowaondoa Wamasai Ngorongoro?

Hapa naomba tusome taratibu.

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa 1959, wakati Wamasai walipoondolewa Serengeti. Sheria yake ilikuwa ya pekee: watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Wakati ule wakazi walikadiriwa kuwa kama 8,000. Leo hesabu zinazotajwa ni za watu karibu laki moja, na mjadala juu ya malisho, maji na mashamba umekuwa mkali kwa miongo kadhaa. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia baadhi ya wakazi Msomera, wilaya ya Handeni, ikisema wanahama kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wao wamepinga maelezo hayo.

Katika mabishano yale jina la UNESCO lilitumiwa na kila upande. Shirika lenyewe lilitamka mwaka 2022 kwamba halijawahi kuomba Wamasai waondolewe. Ni kweli pia kwamba Kamati ya Urithi wa Dunia kwa miaka mingi imekuwa ikieleza wasiwasi wake juu ya ongezeko la watu na shughuli zao ndani ya hifadhi, na maneno ya namna hiyo yakifika mezani kwa mtawala yanaweza kusomwa kama ruhusa. Ndiyo maana nasema lawama haiwezi kumalizwa kwa sentensi moja.

Msimamo wangu nauweka wazi. Thamani ya Ngorongoro haikutengenezwa na wanyama peke yao. Wafugaji wameishi na nyumbu na simba pale, na jinsi walivyoishi ni sehemu ya sababu wanyama hao bado wapo. Juni 2016, baada ya mkutano wa kimataifa wa urithi wa Afrika uliofanyika hapa Arusha, lilipitishwa Tamko la Ngorongoro, likisisitiza kwamba wenyeji washirikishwe na wanufaike. Tamko hilo lina jina la mahali hapo hapo. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Kimasai, aliwahi kuuliza darasani: "Mwalimu, sisi tumo kwenye orodha au tuko kando yake?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Tangu siku hiyo sijafundisha Ngorongoro bila kuwarudishia wanafunzi swali lake.

"Orodha ya Hatari" ni nini? Serengeti imo?

Ni orodha ya maeneo ya Urithi wa Dunia ambayo thamani yake iko hatarini. Serengeti haimo. Selous imo, tangu 2014, kwa sababu ya ujangili uliowaangamiza tembo wengi mno, na baadaye bwawa la umeme la mto Rufiji likaongeza hoja. Wengine huiona orodha hii kama aibu. Mimi naiona kama kengele. Kilwa iliingia humo 2004, kuta zikibomoka na bahari ikila ufuko, na ikatolewa 2014 baada ya kazi ya kweli ya matengenezo.

Serengeti ilikaribia kuwa na kesi kubwa palipotolewa mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa hifadhi, njia wanayopita nyumbu. Kamati ya Urithi wa Dunia ilihoji, lakini hukumu ilitoka jirani kabisa nasi: Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko hapa Arusha, ilizuia barabara ya lami kupita eneo hilo.

Theluji ya Kilimanjaro itaisha?

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 kuhusu barafu katika maeneo ya Urithi wa Dunia ilikadiria kwamba barafu zote za Afrika zilizomo katika maeneo hayo, ya Kibo ikiwemo, zitakuwa zimetoweka kufikia 2050. Wagumu wenye umri mkubwa hawahitaji ripoti, wanaonyesha kwa kidole barafu ilipokuwa inaishia zamani. Mlima utabaki na mita zake 5,895.

Vihamba vya Shimbwe Juu ni Urithi wa Dunia?

Watu wengi wa Moshi wanachanganya hapa. Shimbwe Juu, ambako kahawa, migomba, miti na ng'ombe wa ndani huishi kwenye kipande kimoja cha ardhi, inatambuliwa na FAO kama mfumo wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Hiyo ni heshima kubwa, lakini ni ya shirika lingine na orodha nyingine. Engaresero, karibu na Ziwa Natron, ina utambuzi wa aina hiyo kwa ufugaji wa Kimasai.

Jiopaki na hifadhi hai zina tofauti gani na Urithi wa Dunia?

Ni programu tofauti za UNESCO hiyo hiyo. Hifadhi hai hutafuta namna ya watu na mazingira kuishi pamoja, na Ziwa Manyara pamoja na Serengeti-Ngorongoro zilitambuliwa hivyo mwaka 1981. Jiopaki huangalia miamba na historia ya ardhi. Ngorongoro Lengai ilitambuliwa 2018, ya kwanza kusini mwa Sahara, na ndani yake umo Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamasai, volkano ya pekee duniani inayotema lava nyeusi, nyepesi kama uji, ambayo ikipoa hugeuka nyeupe.

Siku ya Kiswahili imeletwa na UNESCO?

Imetangazwa nayo, Novemba 2021, na sasa kila Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo ni Sabasaba yetu, siku ambayo mwaka 1954 ilizaliwa TANU, iliyokifanya Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru. Mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua. Mwaka huo huo wa 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Nawasihi waongoza watalii: mgeni akiuliza jina la mti, mpe la Kiswahili kwanza, na la Kichaga au Kimaa kama unalijua.

Kuna kumbukumbu zetu za maandishi zilizotambuliwa?

Zipo. Katika programu ya Kumbukumbu ya Dunia zimo nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam, tangu 1997, na mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar, tangu 2003.

Mbona Engaruka haimo?

Hata mimi natamani iwemo. Pale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilaya ya Monduli, kuna mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe ya wakulima walioishi karne kadhaa zilizopita, kisha wakaondoka. Lakini UNESCO haipiti ikichagua. Nchi yenyewe huliweka eneo kwenye orodha yake ya awali, huandaa jalada zito lenye ramani, utafiti na mpango wa usimamizi, wataalamu wa nje wanakuja kulikagua, ndipo kamati ya nchi 21 inaamua. Jalada ni kazi ya miaka. Tanzania yenyewe ilikaa kwenye kamati hiyo kati ya 2015 na 2019, kwa hiyo njia tunaijua. Kinachotakiwa ni vijana watakaosomea akiolojia na kuiandika Engaruka.

Nina darasa la wanafunzi na bajeti ndogo. Niwapeleke wapi?

Kolo, Kondoa. Wengi hukimbilia kreta, na kreta ni ghali kwa shule. Kolo iko kandokando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, mbele ya Babati. Kijijini kuna ofisi ya mambo ya kale, mnaandikishwa hapo na kupewa mwongozaji. Ndani ya eneo hilo kuna mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro: twiga, swala, watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kwa rangi nyekundu, na ya baadaye kwa nyeupe. Kwenye mwamba wa Mungumi wa Kolo bado wenyeji hufanya matambiko, kwa hiyo watoto waambieni mapema kwamba wanaingia mahali pa ibada ya watu. Wasiguse rangi wala wasimwage maji juu ya mchoro ili ung'ae kwenye picha. Wabebe maji ya kunywa na wavae viatu vinavyoshika mwamba, maana sehemu ya mwisho mnapanda kwa mikono.